Heshima Isiyomkalisha Mzee

Katika nyumba zetu nyingi, za pwani na za bara, mzee akiinuka kwenda kuteka maji au kufagia ua huwahiwa na mkono wa kijana, akaambiwa: "Shikamoo, bibi, kaa kitako, usijitaabishe, sisi tupo." Maneno hayo ni mazuri, na malezi yaliyoyazaa ni mema, kwani jamii isiyowastahi wazee wake imekwisha kujivunjia heshima yenyewe, lakini heshima hiyo hiyo, ikizidi kipimo na ikakaririwa kutwa kucha, mwaka baada ya mwaka, humtoa mzee ndoo mkononi, kisha jembe, kisha ufunguo wa ghala, kisha safari ya sokoni, mpaka siku moja akaonekana hana tena nguvu ya kujiinua kitini, na watu wakasema kuwa ni uzee, ilhali sehemu kubwa ya udhaifu huo ni mazao ya kukalishwa.

Shauri la makala haya ni moja, nalo ni hili: mzee mwenye jukumu la hiari lenye manufaa kwa watu wengine, jukumu linalomtoa nyumbani kwa miguu yake na kumrejesha kwa miguu yake, ana matumaini makubwa zaidi ya kudumu na uwezo wa mwili wake kuliko mzee aliyetunukiwa mapumziko matupu, na kwa hiyo kumwachia mzee kazi aiwezayo ni sehemu ya kumheshimu. Kwa muda wa miaka sitini na zaidi matabibu wa nchi mbalimbali wamekuwa wakizipima nguvu za wazee kwa saa, kwa hatua na kwa mizani, na waliyoyapata yanastahili kujulikana na kila mwenye mzazi, na kila atarajiaye kuzeeka.

Kujitegemea kwa mwili kuna vipimo vyake. Mwaka 1963 daktari Sidney Katz na wenzake, waliokuwa wakiwatibu wazee katika mji wa Cleveland, Marekani, wengi wao wakiwa wamevunjika nyonga, walitangaza orodha ya mambo sita ambayo mtu akiyaweza peke yake huhesabiwa kuwa anajitegemea: kuoga, kuvaa nguo, kwenda msalani, kuondoka kitandani na kukaa kitini, kuizuia haja, na kula kwa mkono wake. Waligundua kwamba mambo hayo hayapotei ovyo, bali aghalabu kwa mpango: kuoga hutangulia kumshinda mtu, na kula huwa la mwisho, na mgonjwa apataye nafuu huyarudia kwa mpango wa kinyume, akianza na kula na kumaliza na kuoga. Miaka sita baadaye, mwaka 1969, M. Powell Lawton na Elaine Brody wa Philadelphia waliongeza orodha ya pili, ya mambo yanayomwezesha mtu kuishi katikati ya watu: kutumia simu, kununua mahitaji, kupika, kutunza nyumba, kufua, kusafiri, kunywa dawa kwa wakati na kusimamia fedha zake.

Mambo ya orodha ya pili kwa kawaida huanza kumponyoka mtu kabla ya yale ya orodha ya kwanza, na hapo ndipo pa kutafakari sana. Maana mzee aliyeondolewa safari ya soko, jiko na mkoba wa fedha na watoto wake wenye huruma, amesogezwa kuelekea kwenye utegemezi kabla maradhi hayajamgusa. Kila kazi moja anayopokonywa ilikuwa na hatua kadhaa za kutembea, na kuinama, na kunyanyua, na kukumbuka, na kupatana bei. Na jumla ya vitendo hivyo vidogo ndiyo iliyokuwa mazoezi ya mwili na akili yake, ingawa yeye mwenyewe hakuviita mazoezi.

Sababu ya jambo hilo imo katika maumbile yetu. Baada ya ujana misuli ya binadamu huanza kupungua kidogo kidogo, na upungufu huo huongezeka kasi uzeeni. Lakini kasi yenyewe hutegemea sana matumizi. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walieleza jinsi walivyowalaza kitandani watu wenye siha njema, wenye umri wa wastani wa miaka 67, kwa muda wa siku 10 tu; na siku hizo zilipokwisha, kwa wastani kila mmoja alikuwa amepoteza karibu kilo nzima ya nyama ya miguu. Kijana akilala siku 10 huinuka akachechemea kidogo kisha akasahau, lakini mzee ambaye akiba yake ilikuwa ndogo tangu hapo huenda asiirudishe akiba hiyo, na homa ya wiki mbili ikawa ndiyo mpaka baina ya kutembea na kutotembea.

Ila maumbile hayo hayo yana upande wa rehema. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake, katika makao ya wazee mjini Boston, waliwachukua watu dhaifu wenye umri wa karibu miaka 90, wakawapa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu kwa wiki nane. Na wale waliomaliza mazoezi hayo nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, yaani zaidi ya maradufu. Kabla ya hapo matabibu wengi walidhani kwamba misuli ya mtu wa umri huo haifundishiki tena. Tangu hapo imethibitika kwamba mlango wa kurudisha nguvu haufungwi na idadi ya miaka, bali aghalabu hufungwa na kukosa matumizi, na kukosa chakula chenye kujenga mwili, na kukosa mtu wa kusema kwamba mlango ungali wazi.

Ikiwa basi dawa inajulikana, kwa nini wazee wengi hawaitumii? Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 kwamba watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kila wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu na ya usawa wa mwili. Na katika kila zahanati mzee huambiwa atembee. Huitikia kwa adabu, akarudi nyumbani, akakaa. Hakukaa kwa uvivu. Amekaa kwa sababu kutembea kwenda kusikojulikana na kurudi bila ya jambo ni kazi ngumu kwa roho ya mtu ambaye maisha yake yote alitembea kwa sababu: alikwenda shamba, alikwenda pwani, alikwenda kazini, alikwenda kumjulia hali mgonjwa. Mwanadamu hupenda kwenda mahali anapongojwa.

Hilo ndilo lililomshughulisha daktari Linda Fried, wakati huo bingwa wa magonjwa ya wazee wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins katika mji wa Baltimore. Yeye ndiye ambaye mwaka 2001, pamoja na wenzake, aliupangia udhaifu wa uzee dalili tano zinazopimika, yaani kukonda bila kukusudia, kuchoka daima, mshiko hafifu wa mkono, mwendo wa polepole na upungufu wa shughuli, akasema kwamba mwenye tatu kati ya hizo amekwisha kuingia katika hatari. Katika kuwatibu wagonjwa wake aliwaona wengi ambao maradhi yao hayakuwa ndani ya damu wala mifupa tu, bali walikuwa hawana sababu ya kuondoka kitandani asubuhi. Na sababu ya kuamka haiuzwi katika duka la dawa.

Pamoja na Marc Freedman, mtu aliyejitolea kutafuta njia za kuwatumia wastaafu kwa manufaa ya umma, Fried alisaidia kubuni mpango ulioitwa Experience Corps, ulioanza kujaribiwa katika miji mitano ya Marekani mwaka 1996. Katika mji wa Baltimore mpango huo ulipangwa hivi: watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi, wengi wao Wamarekani Weusi wa mitaa ya mji huo huo, walifunzwa, kisha wakapelekwa katika shule za msingi za serikali, si mmoja mmoja bali makundi, ili kila shule iwe na wazee wa kutosha kubadilisha hali yake. Kila mmoja alitakiwa kutoa saa 15 kwa wiki kwa mwaka mzima wa shule, na alipewa posho ndogo ya kumpunguzia gharama. Kazi yao ilikuwa kuwasaidia watoto wa madarasa ya chini kusoma na kuhesabu, kusaidia katika maktaba, na kuwafundisha watoto kusuluhishana bila ya kupigana.

Tuitazame kwa karibu kazi ya namna hiyo, na yale inayoudai mwili. Mama wa miaka 70 mwenye kungojwa shuleni hana budi kuoga na kuvaa vizuri asubuhi, maana watoto watamtazama. Hutoka nje, akatembea mpaka kituo cha basi, akapanda, akashuka. Hupanda ngazi za shule, akapita katika ukumbi mrefu uliojaa watoto wanaokimbia, akijihadhari asikumbwe. Hukaa katika kiti kifupi kando ya mtoto, akainama juu ya kitabu, akainuka kumfuata mtoto wa pili, akakaa tena, akainuka tena. Hukumbuka majina, na ni nani aliyekwama katika ukurasa gani. Hucheka, hukemea, husifu. Arudipo nyumbani amechoka uchovu mwema, na mwili wake umekwisha kufanya mambo ambayo daktari angemwandikia katika karatasi, naye asingeyafanya. Kama angekuwa peke yake asubuhi ya mvua, angesema leo goti linauma, nitabaki. Lakini yuko mtoto aliyeahidiwa, naye hataki kumvunja moyo.

Watafiti hawakuridhika na uzuri wa picha hiyo, bali walitaka ithibitike, kwa kuwa katika jambo hili kuna mtego unaowanasa wengi. Ukiwalinganisha wazee wanaojitolea na wasiojitolea, utawaona wanaojitolea wana siha zaidi. Lakini huenda wanajitolea kwa sababu wana siha, wala si kwamba wana siha kwa sababu wanajitolea. Njia ya kulikata shauri hilo ni kuwachukua wazee wote wanaotaka kazi hiyo, kisha kuwagawanya kwa kura, wengine wapelekwe shuleni sasa na wengine wasubiri, halafu kuwapima wote. Hivyo ndivyo ilivyofanywa Baltimore katika mwaka wa shule wa 1999 na 2000, kwa watu 128. Na baada ya miezi baina ya minne na minane, wale waliokwenda shuleni walikuwa wameongeza shughuli za mwili na nguvu, walikuwa na watu wengi zaidi wa kuwategemea wakati wa shida, na mwendo wao wa kutembea ulikuwa umepungua kasi kidogo kuliko ulivyopungua kwa wenzao waliosubiri.

Baadaye uchunguzi mkubwa zaidi ulifanywa katika mji huo huo, wa watu 702, kwa muda wa miaka miwili. Baadhi yao walivalishwa vyombo vya kuhesabu hatua; na ikaonekana kwamba wanawake waliobaki nje ya mpango hatua zao za kila siku zilipungua kadiri muda ulivyopita, ilhali wanawake waliokuwa shuleni walizihifadhi. Kwa wanaume tofauti ya hatua haikuonekana hivyo, nasi kwa insafu lazima tuliseme hilo pia. Matokeo hayo si muujiza, wala hakuna mzee aliyegeuka kijana. Bali kuzuia upungufu katika umri ambao upungufu ndiyo desturi ni ushindi mkubwa, na anayeelewa maana ya kuoga bila ya kushikwa mkono atauthamini.

Mwaka 2020 watafiti wengine wa Marekani, wakiongozwa na Eric Kim, waliwafuatilia karibu watu wazima 13,000 wenye umri wa zaidi ya miaka 50 kwa muda wa miaka minne. Waliojitolea angalau saa 100 kwa mwaka, yaani kama saa mbili kwa wiki, walionekana kuwa na hatari ndogo zaidi ya kufa katika muda huo na ya kupata vizuizi vya mwili, na walikuwa na shughuli nyingi zaidi kuliko wasiojitolea. Katika uchunguzi huu watu hawakugawanywa kwa kura, kwa hiyo ushahidi wake una uzito mdogo kuliko ule wa Baltimore, ijapokuwa watafiti walijitahidi kuzingatia siha na hali ya kila mtu tangu mwanzo. Faida yake kwetu ni kipimo chenyewe: saa mbili kwa wiki si mzigo, na mzee asidhani kwamba asipoweza kutoa siku nzima hana la kutoa.

Katika Japani, nchi yenye wazee wengi kwa kadiri ya watu wake kupita karibu nchi zote za dunia, fikira hii imekuwa sehemu ya maisha ya mitaa. Mwaka 2002 mji wa Kochi ulianzisha mazoezi yanayofanywa kwa kukaa kitini, huku mtu akiwa amefunga mikononi na miguuni mikanda yenye vipande vidogo vya uzito vinavyoongezwa kimoja kimoja kadiri nguvu inavyoongezeka. Na wanaoendesha vikundi hivyo ni wakazi wenyewe wa mtaa, wanaojitolea. Mkoa wa Ibaraki nao, kuanzia mwaka 2005, umekuwa ukiwafunza wazee kuwa waalimu wa mazoezi kwa wazee wenzao. Katika mji mdogo wa Taketoyo zilifunguliwa baraza za mitaa mwaka 2007, zikiendeshwa na wenyeji kwa hiari, ambamo wazee hukutana kwa michezo, nyimbo, mazoezi na mazungumzo. Na watafiti waliofuata habari zao kwa miaka mitano walieleza kwamba waliohudhuria walipatwa na ulemavu wa kuhitaji kuangaliwa kwa kiasi cha nusu ya wale wasiohudhuria. Uzuri wa mipango hiyo ni kwamba anayesaidiwa na anayesaidia ni watu wa umri mmoja, na aliyekuja mwaka huu kunyooshwa mgongo mwakani huwa ndiye anayewanyoosha wengine.

Wala si lazima tuvuke bahari mbali kutafuta mfano. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda wa Zimbabwe, alipoona nchi yake ina mabingwa wachache mno wa maradhi ya nafsi, aliwaendea akina nyanya 14 wa mtaa wa Mbare, mjini Harare, waliokuwa wakijitolea katika kazi za afya, wakafunzwa kuwasikiliza watu wenye dhiki na kuwasaidia kuyapangia matatizo yao ufumbuzi, wakiwa wamekaa katika mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Mwaka 2016 matokeo ya uchunguzi wao yalitangazwa katika jarida kubwa la utabibu, yakaonyesha kwamba wagonjwa waliokaa na akina nyanya wa mpango huo walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa matunzo ya kawaida; na mpango huo ukaenea hadi Malawi, Zanzibar na New York. Aliyekuwa akitazamwa kuwa mtu wa kuhudumiwa alikuwa ndiye mhudumu, na zahanati ikapata kwa bibi wa mtaani kitu ambacho hospitali kubwa ilikosa.

Sasa tuitazame nchi yetu. Penye wazee haliharibiki jambo, wahenga walisema, na msemo huo ulisemwa na watu waliowapa wazee mambo ya kushika. Yuko mzee wa chuo anayewasomesha watoto Qurani alasiri. Yuko somo anayemfunda mwali. Wako wazee wanaotangulia msibani, mmoja akasimamia kukatwa sanda, mwingine akaelekeza mwanandani uchimbwe vipi. Wako wazee wa baraza waliokaa na hakimu katika mahakama za mwanzo za Tanzania. Iko kamati ya shule, kamati ya kisima, kamati ya msikiti na ya kanisa, na msaragambo wa kijiji ambamo asiyeweza kushika sururu huweza kuhesabu watu, kugawa zamu na kuonyesha mfereji wa zamani ulipopita. Haya yote ni kazi ya hiari, ingawa hayakuandikwa katika daftari yoyote kwa jina hilo. Jungu kuu halikosi ukoko. Lakini ukoko haujileti sahanini wenyewe.

Lililobaki ni kuyapanua kwa makusudi. Mwalimu aliyestaafu akiwa na miaka 60 bado ana sauti, ana subira na ana elimu ya namna ya kumfundisha mtoto asiyeshika herufi, na shule iliyo jirani naye ina darasa lenye watoto wengi kuliko mwalimu mmoja anavyoweza kuwaangalia. Kinachokosekana baina yao ni mwaliko, na utaratibu, na siku maalumu. Mkunga wa zamani, hata kama hazalishi tena, aweza kumsindikiza mja mzito zahanati na kumkumbusha siku zake. Fundi seremala aliyeacha kazi aweza kuwaita vijana wawili kutengeneza madawati yaliyovunjika, yeye akishika rula na wao wakishika randa. Mvuvi asiyekwenda tena baharini aweza kufundisha kushona nyavu. Kila moja ya kazi hizi ina njia ya kutembea, ngazi za kupanda, kitu cha kushika na mtu wa kungoja. Na hivyo vinne ndivyo mwili wa mzee unavyovihitaji.

Waislamu wa pwani wana ushahidi mwingine wa kila siku juu ya jambo hili. Anayetimiza sala zake tano hali amesimama, katika rakaa 17 za faradhi peke yake hurukuu mara 17 na husujudu mara 34 kwa siku, naye kila anapotoka katika sijida kwenda kisimamo huinua uzito wa mwili wake kutoka sakafuni. Dini imemruhusu mgonjwa kusali amekaa, na ruhusa hiyo ni rehema isiyopaswa kukataliwa na aliye dhaifu kweli. Lakini mzee awezaye bado kuinuka asikimbilie kiti kwa sababu tu amewaona wenzake wameketi, na mwanawe asimletee kiti kabla hajakiomba. Nguvu ya kuinuka kutoka chini ni hazina, na ikishaondoka huchukua pamoja nayo safari nyingi za msikitini.

Anayetaka kujua akiba yake imebaki kiasi gani aweza kujipima nyumbani, mtu mzima mwingine akiwa karibu. Akae katika kiti imara kisicho na magurudumu, mgongo wa kiti ukiwa karibu na ukuta, afunge mikono kifuani, kisha ainuke mpaka asimame wima na kukaa tena mara tano kwa haraka awezavyo. Ikimpita sekunde 15, au akishindwa kuinuka bila ya kutumia mikono, ni ishara kwamba miguu imekwisha kudhoofika na inahitaji kuangaliwa. Kadhalika apime mita 4 uani, azitembee kwa mwendo wake wa kawaida. Akitumia zaidi ya sekunde 5, mwendo wake umekuwa wa polepole kiasi cha kumfanya amwone daktari. Vipimo hivi si vya kumtisha mtu, maana aliyeshindwa leo, akiinuka kitini mara chache asubuhi na jioni, na akila maharage, samaki, mayai au maziwa ya kutosha, aweza kuvishinda baada ya miezi michache. Bali ni vya kumzuia asiamini kwamba yu mzima mpaka siku atakapoanguka.

Masharti ya kazi hii nayo lazima yatajwe, ili jambo jema lisigeuzwe kuwa dhuluma. Kwanza, iwe hiari kweli. Bibi aliyebakiwa na wajukuu yatima watano, anayelima na kuuza kuni ili wale, hajajitolea. Amebebeshwa, na anachostahili ni msaada, si pongezi wala kazi ya ziada. Pili, mwenye njaa hawezi kutoa saa zake. Zanzibar ilianza mwezi wa Aprili 2016 kumlipa pensheni jamii kila mkazi mwenye miaka 70 na zaidi, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kuanzia, na Kenya nayo huwalipa wazee wa umri huo kupitia mpango wa Inua Jamii. Fedha hizo ni kidogo, lakini nauli na sabuni hutoka humo, na mtu mwenye nauli na sabuni huweza kwenda mbele ya watu. Tatu, wanaomwalika mzee wamwandalie mahali: kiti chenye egemeo, choo cha karibu kinachofikika, maji ya kunywa, kivuli na ngazi zenye mkono wa kushikia. Nne, kazi ifuate uwezo, iongezeke na kupungua kwa hiari yake, na anayeugua apokewe arudipo, asikute nafasi yake imejazwa kimyakimya. Na tano, aulizwe anachotaka kufanya, maana wako waliofundisha miaka arubaini na sasa hawataki tena kusikia kelele za watoto, bali wangependa kupanda miti.

Asiyeweza kutoka nyumbani kabisa naye hakutupwa nje ya shauri hili. Aliyelemaa miguu aweza kuwa na mikono, na aliyepoteza macho aweza kuwa na sauti; yuko awezaye kuwapigia simu wapweke wenzake kila asubuhi kuwajulia hali, na yuko awezaye kusuka ukili wa mikeka ya msikiti hali ameketi kibarazani. Kila kazi ya hiari huhifadhi kile kiungo inachokitumia, na moyo hutumika katika zote.

Kwa hiyo, ndugu msomaji mwenye mzazi aliye hai, siku utakapotaka kumwambia kaa kitako, usijitaabishe, tazama kwanza kama taabu hiyo inamzidi au inamjenga. Ikiwa inamzidi, mpokee. Ikiwa inamjenga, tembea kando yake polepole na umwache aifanye. Na wewe uliye mwalimu mkuu, au imamu, au padri, au mwenyekiti wa kijiji, andika majina ya wastaafu na wazee wa mtaa wako, uende kwa kila mmoja kwa miguu yako, umwombe jambo moja dogo la kila wiki ambalo lisipofanywa na yeye halitafanywa. Usimwendee kwa huruma, bali kwa haja, kwa maana haja unayo. Shule zetu zina watoto wasiojua kusoma, na mitaa yetu ina wagonjwa wasiotembelewa, na watu wa kuyafanya hayo wameketi vibarazani wakingoja kuombwa.